Ngazi ya Mzunguko, Ukuta wa Fito

Siku mume wangu aliporudi kutoka Nyarugusu bila baiskeli, nilidhani ameibiwa, nikaanza kumpa pole. Akanikatiza. Hakuibiwa. Alikuwa ameibadilisha kwa ngazi, tena ngazi yenyewe hakuja nayo. Ilikuwa bado imelala nyuma ya duka la mtu, ikisubiri lori.

Pole zangu nikaziondoa palepale. Baiskeli ile ndiyo iliyompeleka kazini kila asubuhi, ndiyo iliyobeba watoto wetu wawili kwenda zahanati, na ndiyo iliyonipeleka mimi mnadani kununua vitambaa, maana nilikuwa fundi cherehani, nashona barazani. Nikamwambia nilidhani nimeolewa na mtu mzima, kumbe nimeolewa na mtoto wa kuchezea vyuma. Alikuwa na kawaida ya kunyamaza mpaka hasira yangu ichoke yenyewe, kisha ndipo aseme neno moja. Siku ile neno lake lilikuwa: "Ni ya mama yako."

Nikakaa chini.

Mama yangu alikuwa akiishi peke yake kijijini, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Tinde, mahali lori linapokushusha. Baba alikwisha kufariki, na kati ya watoto wake nilikuwa nimebaki mimi tu. Macho yake yalianza kuingia ukungu. Mwaka ule aliteleza kisimani, akakaa pale tangu asubuhi mpaka jua linatua kabla mtu hajamwona. Nilikuwa nimemwomba mara nyingi aje tuishi naye Shinyanga mjini, naye alikataa kila mara. Hakuwa na ugomvi na mume wangu. Alimpenda, na ndiyo maana alikataa. Kwetu sisi mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia porini ili mwenziwe apite. Katika miaka kumi na moja ya ndoa yangu, wawili hawa hawakuwahi kusemeshana ila kwa kupitia kinywa changu. Mimi ndiye niliyekuwa posta yao. Sasa mwanamke wa namna hiyo utamlazaje chini ya paa moja na mkwewe?

Hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi. Kila nilipoona mtu wa kwetu anashuka kwenye lori mbele ya baraza langu, moyo ulinishtuka, nikidhani amekuja kuniambia mama ameokotwa kisimani kwa mara ya mwisho.

Kiwanja chetu kilikuwa chembamba. Upande mmoja kulikuwa na ukuta wa jirani, upande wa pili jabali ambalo hakuna sururu iliyowahi kuliweza. Lakini nyuma tulikuwa na stoo yenye paa la zege. Mwenye nyumba wa kwanza alikuwa mfanyabiashara aliyeota kujenga ghorofa. Akafika kwenye stoo, akahama, akatuachia nondo zimesimama juu ya paa. Mume wangu alikuwa ameanza kujenga chumba juu ya stoo ile, tofali chache kila Jumapili, na mimi nilidhani ni cha kupangisha.

"Kitakuwa na mlango wake na ngazi yake ya nje," akaniambia. "Hiyo ni nyumba nyingine, si nyumba yangu. Na yeye atakaa juu, mimi chini. Kuna heshima gani kupita hiyo?"

Niliona aibu kwa ajili ya maneno ya baiskeli, ingawa sikuomba radhi.

Ngazi yenyewe aliijua tangu ujana wake. Kabla hatujahamia Shinyanga, ambako alipata kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba, alikuwa fundi mitambo kwenye mgodi wa dhahabu upande wa Geita. Mgodi ulipofungwa, vyuma vyake vilitawanyika huku na huku. Ngazi ile ilikuwa ya kupandia kwenye tangi la maji: nguzo moja katikati, na vidato vinavyoizunguka mpaka juu. Alikuwa ameipanda kila siku ya kazi kwa miaka. Alipoikuta Nyarugusu, hukohuko upande wa Geita, ilikuwa imefunguliwa vipande, vidato vimepangwa chini, kuku wanalalia. Akaitambua kwa kidato kimoja chenye bonde, mahali alipowahi kuangusha nyundo. Nadhani hapo ndipo baiskeli ilipotutoka.

Ilifika baada ya mwezi, ikiwa imevushwa kwa pantoni na kupakiwa juu ya marobota ya pamba. Vidato kumi na saba, kila kimoja na pete yake nene ya kuingia kwenye nguzo. Nguzo ilikuja vipande viwili vya kuunganishwa kwa bolti, pamoja na vyuma vya kushikia. Kutu ilikuwa nyingi kuliko chuma. Nilikaa wiki nzima jioni nikisugua kwa msasa na mafuta machafu ya gari, na nguo za wateja zikaanza kunuka oili, nikatukanwa.

Tuliisimamisha wenyewe, mimi na yeye. Alichimba shimo mpaka kiunoni, tukasimamisha nguzo, yeye akining'iniza timazi na mimi nikishikilia kamba, tukamwaga zege na kuiacha ikauke siku saba. Kisha ikaja kazi ya vidato. Kidato hakiwezi kuingizwa kwenye nguzo kutoka chini. Lazima kivishwe kutoka juu. Kwa hiyo yeye alikuwa juu ya paa la stoo, anakivisha kidato kwenye ncha ya nguzo na kukishusha kwa kamba polepole, na mimi chini nakipokea, nakizungusha mpaka mahali pake, naikaza bolti kwa spana. Mikono yangu ya kushika sindano ilipasuka malengelenge. Nilifurahi, sitaficha. Tangu tuoane hatukuwahi kufanya kazi moja, mkono kwa mkono, kwa siku nzima.

Jioni tukamaliza. Stoo yetu ilikuwa fupi kuliko lile tangi, kwa hiyo tuliishia kidato cha kumi na tatu, vinne vikabaki chini. Mume wangu akashuka kwa ngazi ya mti, akaenda kwenye kidato cha kwanza, akajifuta viatu kama mtu anayeingia kanisani, akapanda akizunguka. Alipofika juu akasimama. Kidato cha mwisho kilikuwa kimemfikisha kwenye ukuta wa jirani. Mlango wa mama ulikuwa nyuma ya mgongo wake.

Jirani yetu, mjane Mwislamu aliyekuwa akiuza vitumbua mbele ya nyumba yake, aliinua macho kutoka ng'ambo ya ukuta, wakatazamana.

"Karibu," akamwambia. "Vitumbua vimekwisha."

Nilicheka mpaka nikaketi kwenye matope. Kosa lenyewe lilikuwa jepesi. Alikuwa amevianza vidato kwa kuelekea getini, kama vilivyoanza kule mgodini, akasahau kwamba ukiondoa vinne huko juu unafika mahali pengine. Nikamwambia mimi nikishona sketi ya duara sianzi popote ninapotaka. Naanza pale mshono unapotakiwa kuishia, narudi nyuma. Kesho yake tukalegeza bolti zote, tukaanza na kidato cha juu mbele ya mlango, tukavihesabu kurudi chini. Cha kwanza kikaangukia karibu na dirisha la sebule yetu. Tukaona ni sawa. Watu wazima wawili, wenye akili zetu, tukaona ni sawa.

Chumba kilipokamilika, mama akaja. Kumshawishi kulinichukua safari mbili za kijijini, na kilichomlainisha ni yale maneno ya mkwewe kwamba yeye atakaa juu. Aliteremka kwenye lori na kuku wake watatu, mkeka, na kifurushi cha michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani. Mume wangu, kama ilivyo desturi, alikuwa ameingia ndani na kujifungia chumbani. Nilimshika mama mkono mpaka uani, nikamwonyesha kwa fahari. Jirani naye alikuwa amesimama pale anatazama.

"Mgonjwa mtamshushaje na kizunguzungu hicho?" akauliza.

Sauti ya mume wangu ikajibu kutoka chumbani: "Kwani tumejenga hospitali?"

Mama hakuwasikiliza. Aliweka mguu kwenye kidato cha kwanza, akaipapasa nguzo, akatazama chini, akatazama juu. Vile vidato vilikuwa vya chuma chenye matundu, vya kupitisha matope ya viatu vya wachimbaji. Ukisimama chini unaona mbingu kupitia vyote kumi na vitatu. Akageuka, akaliona dirisha la sebule likiwa hatua tatu tu kutoka pale, na kiti cha mkwewe na redio yake vikionekana ndani. Akautoa mguu.

"Mwanangu," akasema kwa Kisukuma, taratibu, "unataka kunianika kama michembe?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mgodini walipanda wanaume tu, na suruali zao. Mume wangu hakuwaza. Lakini mimi? Mimi mwanamke, mshona nguo, binti wa yule mama, nimevipitisha vidato vile mikononi mwangu kimoja kimoja, nikavisugua matundu yake kwa msasa, na halikunijia hata mara moja kwamba mama yangu atapanda hapo na kitenge chake, mbele ya dirisha la mkwewe, akizunguka hewani ili aonwe kila upande. Majuto ni mjukuu. Mama akasema atalala jikoni, kwa kuwa jiko letu lilikuwa la nje, mpaka lori la Ijumaa limrudishe. Ilikuwa Jumanne.

Nilimweleza mume wangu nikilia. Alfajiri nikasikia shoka kwenye vichaka vya nyuma ya jabali. Kulipokucha nikakuta amekwisha kuzungushia ngazi fito, kwa nje, akizifuma kwenye vyuma vya kushikia namna ile wanaume wa kwetu wanavyofuma kihenge cha kuwekea mtama. Alikuwa amefika kimo cha goti. Kisha akanawa, akaenda kazini kwa miguu.

Mama alitoka jikoni, akasimama mbele ya ule ufumaji kwa muda mrefu, akiupapasa kwa vidole kwa sababu macho hayakumtosha.

"Ameziachanisha mno," akaniambia. "Mwambie abane."

Nilimwambia. Akabana, na alfajiri iliyofuata akazipandisha kupita kimo cha mtu.

Alhamisi mama aliniuliza kichuguu kiko wapi. Nikamletea udongo wa kichuguu madebe mawili na mavi ya ng'ombe kutoka kwa watu wa pembeni ya mji, akavikanyaga kwa miguu yake mwenyewe mpaka vikalainika, akaanza kukandika kwa ndani. Ili ukandike kwa ndani lazima usimame kwenye kidato. Akasimama kwenye cha kwanza. Fito zilikuwa zimeupita mwili wake, hakuna aliyeweza kumwona. Ijumaa lori lilipopiga honi barabarani, mama alikuwa kwenye kidato cha tatu, mikono imejaa udongo mpaka kwenye viwiko. Akasema hawezi kuondoka, ukuta haujapigwa mkono wa pili.

Hivyo ndivyo walivyojenga. Alfajiri mkwe alifuma kwa nje, mchana mama mkwe alikandika kwa ndani, na hawakukutana hata siku moja. Mimi nilipeleka habari. "Mwambie upande wa jabali unavuja upepo." "Muulize kama nimwachie tundu la mwanga." Mume wangu aliponiagiza swali hilo la tundu, aliongeza lingine kwa sauti ya chini: "Macho yake yanafika wapi?" Alikuwa hajawahi kumtazama, asingeweza kujua. Niliweka kiganja kwenye nyusi zangu. Akaliacha tundu hapo, na mama alipolifikia akalizungushia udongo kwa kidole, akalilainisha kama mdomo wa chungu.

Siku ya tisa alikandika kidato cha kumi na tatu, akajikuta mbele ya mlango wake. Aliingia, akalala. Hakuna aliyemshawishi tena.

Akaishi nasi miaka sita. Sitasema ilikuwa raha tupu. Alilalamika kwamba redio iko juu, kwamba watoto wangu hawajui Kisukuma cha maana, kwamba mimi natia chumvi nyingi. Kila mwaka kabla ya mvua mkwe alirudishia fito na mama akarudishia udongo, zamu kwa zamu. Mume wangu hakukanyaga ngazi ile tena. Aliisimamisha kwa mikono yake, akawa mtu pekee nyumbani asiyeipanda. Nami niliendelea kupeleka maneno juu na chini, mengine nikiyapunguza makali njiani. Hakuna walichoambiana ambacho mimi sikukijua.

Kisha mama akaugua. Ilikuwa saa sita mchana, masika, na nilipopanda na uji nikamkuta anatetemeka, kifua kinakoroma, hawezi hata kuketi. Nilimbeba mgongoni. Nilikuwa na mimba kubwa ya mtoto wetu wa mwisho, na kwenye kidato cha pili kutoka juu magoti yakakataa, nikajishika ukutani, nikarudi naye juu kwa shida. Jirani wa vitumbua akaja, lakini yeye alikuwa mnene na ngazi ilikuwa nyembamba. Hata kugeuka hakuweza. Watu wawili wasingepita. Pale palitakiwa mtu mmoja mwenye nguvu, mwenye mgonjwa mgongoni. Tukatuma watu kiwandani.

Mume wangu alikuja akikimbia, pamba imemjaa nywele. Akasimama chini ya ngazi, kofia mkononi.

"Muulize," akaniambia.

Nikapanda nikamuuliza. Mama akavuta khanga yake, akajifunika uso wote. Nikashuka nikamwambia mume wangu: "Panda."

Akavua viatu, akanifuata juu, akachuchumaa nikamwekea mama mgongoni. Nilimtangulia nikishuka kinyumenyume ili nimshike akiyumba. Alikuja akizunguka, kidato kwa kidato, macho ameyafumba kwa heshima. Hakuhitaji kuona, alikuwa akivijua vyote. Kwenye kile chenye bonde la nyundo alisimama akavuta pumzi. Hawakusema kitu, si yeye wala mama. Tukamlaza kwenye mkokoteni, tukampeleka hospitali. Baadaye nilimkuta mume wangu nyuma ya stoo analia. Kwetu mwanamume akimgusa mama mkwe wake, hata kwa dharura, ni aibu ya wote wawili, na yeye aliyegusa hutakiwa kutoa mnyama ili aibu ifutwe. Alijua hivyo, na alikuwa amekwisha kuulizia mbuzi.

Mama alilazwa wiki mbili. Akapona, lakini hakumtaja mkwewe hata kidogo, na mimi sikuthubutu. Nilikuwa na hakika ameamua. Mwanamke aliyebebwa mgongoni na mkwe atarudije kwenye nyumba ya mkwe huyo? Siku moja kabla ya kutoka aliniagiza: nikija kumchukua, nije na tetea wake mwekundu, nimfunge miguu. Nikaelewa kwamba ni wa safari ya kijijini. Usiku huo nilifungasha mkeka wake, nikaulowesha kwa machozi.

Asubuhi nikamleta nyumbani kwa mkokoteni ili achukue vitu vyake. Miguu ilikuwa haijapata nguvu. Akaketi kwenye kidato cha kwanza, akaupapasa ukuta wake, akaona mvua imeubandua kidogo chini, akaguna. Mume wangu alikuwa amejifungia chumbani, kama kawaida.

"Tetea yuko wapi?"

Nikampa. Akamweka mapajani, akamlainisha manyoya, kisha akaninyooshea.

"Mpelekee mkwe wangu. Mwambie ni wa kufuta aibu."

"Mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma, "anayetoa si wewe. Ni yeye. Ameshatafuta mbuzi."

"Yeye alibeba. Mimi ndiye niliyekuwa mzito." Akajifunika khanga usoni. "Mwambie nimekwisha kutoa, sasa aje anipandishe. Nimechoka kukaa hapa."

Sikuhitaji kumwambia. Dirisha la sebule lilikuwa hatua tatu, na sauti ilifika mpaka chumbani. Mlango wa nyumba ukafunguka, mume wangu akatoka ameinamisha kichwa, akampokea kuku kwa mikono miwili, akanirudishia mimi nimshikie, akachuchumaa amempa mama mgongo. Mama akamshika mabega. Wakaingia ndani ya ukuta wao, wakaanza kuzunguka.

Nilibaki chini na kuku mikononi. Walipofika kama katikati, karibu na lile tundu la mwanga, hatua zikasimama, nikasikia sauti ya mama, halafu ya mume wangu ikimjibu, halafu ya mama tena, na mmoja wao akacheka. Nikasogeza sikio. Walichosema sikukipata hata neno moja. Udongo ulikuwa umekandikwa vizuri.